Motokaa Ilikuwa ya Nani?

Ukiingia katika nyumba za Kibeta, kata iliyomo katika Manispaa ya Bukoba, au ukishika njia ya kusini mpaka vijiji vya Muleba, si ajabu kuona ukutani, karibu na picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu na pengine ile ya Laurean Kardinali Rugambwa, picha nyingine ndogo isiyo na rangi. Pembe zake zimekunjika, na kioo chake kimeingia ukungu. Ndani yake amesimama mzee aliyevaa kanzu nyeupe na koti juu yake. Hacheki wala hatabasamu, na mkono wake mmoja ameuweka juu ya boneti ya motokaa. Mgeni akiuliza habari za picha hiyo, hujibiwa kwa fahari: “Huyo ndiye babu yetu, na hilo ndilo gari lake.”

Leo twataka kuuliza swali ambalo mgeni mwenye adabu hawezi kuuliza. Je, motokaa ile ilikuwa ya nani kweli? Na ikiwa haikuwa ya babu, je, yatupasa kusema hivyo mbele ya watoto, ama heshima tunayowawia marehemu yatutaka tunyamaze? Mtu asidhani kwamba swali hili ni la mchezo. Amri ya Nne yatuagiza kuwaheshimu baba na mama, na Amri ya Nane yatukataza kushuhudia uongo. Mbele ya picha hii ndogo amri hizo mbili zaonekana kana kwamba zinagombana. Na katika jamaa nyingi ugomvi huo hauishii ukutani.

Tuanze kwa kukumbuka mambo yalivyokuwa. Kahawa haikuletwa Buhaya na wageni. Wazee waliitafuna tangu zamani, wakampokea mgeni kwayo, na mbegu zake zilitumika watu wawili walipofanya urafiki wa damu. Lakini kahawa ya kuuzwa kwa fedha ilipata nguvu baada ya reli kutoka Mombasa kufika Kisumu mwaka 1901, kwa maana tangu hapo mizigo iliweza kuvuka ziwa kwa meli, ikapanda reli na kufika pwani. Njia ile ile iliyopeleka kahawa ndiyo iliyoleta nguo, mabati, baiskeli na, baadaye, motokaa. Katika miaka ya 1920, bei ilipokuwa nzuri, fedha ilionekana vijijini kwa wingi usiozoeleka. Kisha ukaja mwanguko wa bei duniani baada ya mwaka 1929, na wengi wakarudi nyuma. Katika miaka ya 1950 bei ikapanda tena, na mwaka 1950 wakulima wa Bukoba wakapata chama chao kikuu cha ushirika, kama vile wenzao wa Kilimanjaro walivyopata chao mwaka 1933.

Hata hivyo, katika miaka hiyo yote, wenye motokaa walikuwa wachache. Walikuwa watumishi wakubwa wa serikali, watawala wa jadi, wafanyabiashara wa mjini, misioni, chama cha ushirika, na wakulima wachache ambao mavuno na akili ya biashara viliwainua juu ya wenzao. Waliobaki, yaani walio wengi, walikwenda kwa miguu, na aliyebahatika alikuwa na baiskeli. Basi, tukizihesabu picha zilizomo majumbani na kukumbuka uchache wa magari ya siku zile, akili yenyewe yatuambia kwamba wazee wengi walisimama kando ya gari la mtu mwingine. Motokaa moja iliweza kuingia katika picha za jamaa kumi: leo harusini, kesho kwenye Komunyo ya Kwanza, keshokutwa siku kijana aliporudi kutoka shule ya mbali.

Wala jambo hili halikuwa la Bukoba peke yake. Huko Bamako, mji mkuu wa Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake ya picha mwaka 1948, na sifa zake leo zimeenea duniani kote. Katika studio ile mteja aliweza kuazima saa, redio, hata mavazi ya Kizungu. Na Keïta aliponunua gari lake la Peugeot, jamaa nzima zilipigwa picha kando yake. Leo picha hizo zatundikwa katika majumba makubwa ya sanaa ya Ulaya na Marekani. Wazitazamao hawasemi kwamba wale watu wa Bamako walikuwa waongo. Huwaona kuwa ni watu waliovaa vizuri na kusimama wima, watu waliotaka wajukuu wao wawaone hivyo.

Hapa twafika kwenye swali la kwanza. Je, mzee aliyesimama kando ya motokaa isiyo yake alitenda kosa? Mtakatifu Thoma wa Akwino, alipoandika juu ya fadhila ya ukweli, alitaja dhambi mbili zinazokaribiana na jambo hili: uongo, ambao ni kusema kinyume cha yale uliyo nayo moyoni, na majivuno, ambayo ni kujikweza kwa maneno juu ya vile ulivyo. Tuwapime wazee wetu kwa mizani hiyo. Mtu aliyepigwa picha hakusema neno. Majirani wote wa siku ile walijua gari ni la nani. Pengine mwenye gari mwenyewe alikuwapo nyuma ya mpiga picha, akicheka na kumwambia rafiki yake asimame vizuri. Hakuna aliyedanganywa, wala hakuna aliyekusudia kudanganya. Picha ilikuwa sehemu ya sherehe, kama vile bwana harusi anavyoweza kuvaa koti la kaka yake, na kama vile mama mwenye nyumba anavyoazima vikombe kwa jirani wageni wanapofika. Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo, nao walikuwa na haki kumwonya mtu anayejenga maisha yake juu ya vitu vya wengine. Lakini kuazima kwa siku moja, na kwa furaha ya wote, hakumfanyi mtu kuwa mwongo.

Basi mzee hana hatia. Hatari yaanza baada yake, kwetu sisi.

Miaka ilipita, mpiga picha akafa, mwenye gari akafa, majirani waliojua wakafa, na picha ikabaki peke yake. Picha yenyewe ni shahidi wa ajabu. Yaweza kushuhudia kwamba mtu huyu na kitu hiki vilikuwapo mahali pamoja kwa dakika moja. Haiwezi kushuhudia zaidi ya hapo. Haisemi nani alinunua, nani aliazima, nani alipita njia tu. Lakini binadamu hapendi shahidi mwenye maneno machache. Akimwona amenyamaza, humwekea maneno kinywani. Mtoto wa kwanza alisema, “Babu alisimama karibu na gari.” Mjukuu akasema, “Babu alikuwa na gari.” Kitukuu anasema, “Babu alikuwa mtu wa kwanza kuwa na gari katika kijiji chetu.” Hakuna hata mmoja aliyekusudia uongo, na hata hivyo uongo umezaliwa, ukabatizwa, na kupewa kiti sebuleni.

Pengine msomaji atauliza: hasara iko wapi? Gari lenyewe limekwisha kuwa chuma chakavu, mzee amelala kaburini, watoto wanafurahi. Kwa nini tusiwaachie furaha yao? Twajibu kwamba hasara ipo, tena ni ya namna tatu, na mapadre wengi wanaosuluhisha jamaa wataitambua mara moja.

Hasara ya kwanza ni ugomvi wa urithi. Katika mila ya Wahaya kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa lenye nyumba na makaburi ya wazee, hurithiwa kwa utaratibu, na mrithi mkuu, aitwaye omusika, hupata sehemu kubwa kuliko wenzake. Tufikiri basi juu ya jamaa moja ya kubuni. Wajukuu wamekutana baada ya matanga. Mmoja anatazama ukutani na kusema, “Babu aliyekuwa na gari hakuweza kutuachia kibanja kidogo hivi. Mali yake imekwenda wapi?” Macho yote yanamgeukia ba’mkubwa, mtoto wa omusika. Kumbe mali haikuliwa na mtu. Mali hiyo haikuwapo kamwe. Lakini tuhuma imekwisha kupandwa, nayo yamea upesi kuliko mgomba. Mzee asiye na hatia ataitwa mwizi, pengine hata mchawi, kwa sababu ya gari ambalo marehemu baba yake aliliegemea kwa dakika moja. Hapo Amri ya Nane yavunjwa kwa namna yake iliyo mbaya kabisa, yaani ushahidi wa uongo dhidi ya jirani; naye jirani mwenyewe ni ndugu wa damu.

Hasara ya pili ni dharau. Ikiwa babu alikuwa na motokaa, na baba alikuwa na baiskeli, na mimi ninakwenda kwa miguu, basi hadithi ya ukoo wetu ni hadithi ya kuanguka. Kijana aliyelelewa katika hadithi hiyo humtazama baba yake kama mtu aliyepoteza. Hamwoni tena mtu aliyepanda kahawa mvua na jua, aliyestahimili bei ilipoanguka mwaka 1989 baada ya mapatano ya mataifa juu ya kahawa kuvunjika, aliyeuza mavuno kabla hayajaiva, kwa ile njia ya hasara iitwayo butura, ili karo ya shule ipatikane mwezi wa Januari. Baba huyu hana picha yenye gari. Ana watoto wanaojua kusoma. Uongo mdogo juu ya babu wamnyang’anya baba heshima yake ya haki, na hivyo Amri ya Nne, ambayo tulidhani tunailinda kwa kunyamaza, yavunjwa na ukimya wetu wenyewe.

Hasara ya tatu ni deni lisilolipwa. Kama gari liliazimwa, basi alikuwapo mwenye kuazima. Pengine alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi aliyempenda mzee kwa uaminifu wake. Pengine alikuwa padre wa misioni aliyempakia mama mjamzito usiku akampeleka hospitali, na asubuhi yake jamaa ikapigwa picha ya shukrani. Pengine alikuwa dereva wa lori la ushirika, kijana wa kijiji kile kile, pamoja na utingo wake aliyekaa nje ya picha akishikilia kofia za wengine. Tukisema gari lilikuwa letu, twawafuta wote hao. Picha iliyokuwa ushuhuda wa urafiki yageuka kuwa cheti cha mali. Sisi twaona kwamba urafiki ni urithi mkubwa kuliko motokaa, kwa sababu motokaa yapata kutu.

Sasa hatuna budi kusikiliza upande wa pili, kwa maana una nguvu, na mtu mwenye moyo hawezi kuupuuza.

Mkoa wa Kagera umepata majaribu mengi. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia kaskazini mwa mkoa, na watu wakakimbia wakiacha nyumba na vyote vilivyomo. Mwaka 1996, tarehe 21 Mei, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza pamoja na mamia ya watu. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilibomoa nyumba nyingi za Bukoba na vijiji vya jirani. Na juu ya yote, ni katika mkoa huu ambapo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983. Na katika miaka iliyofuata watoto wengi walibaki bila baba wala mama, wakalelewa na bibi zao. Kwa watoto wale picha moja ilikuwa uso wote wa mzazi waliobaki nao. Ikiwa bibi alimwambia mjukuu wake, “Yule ni baba yako, na gari lile lilikuwa lake,” ili mtoto alale bila kulia, nani atathubutu kusimama mbele ya bibi huyo na kumwita mwongo?

Sisi hatuthubutu. Hata hivyo, tutofautishe mambo. Mtakatifu Augustino, aliyeandika vitabu viwili dhidi ya uongo, hakukubali uongo wa namna yoyote, hata ule wa huruma. Mtakatifu Thoma alimfuata katika hilo, lakini alifundisha pia kwamba yaruhusiwa kuuficha ukweli kwa busara. Kunyamaza si kusema uongo. Kungoja mtoto akomae si kumdanganya. Bibi angeweza kusema, “Yule ni baba yako, tazama alivyosimama,” na kuacha habari ya gari mpaka siku yake. Ukweli si jiwe la kumrushia mtu kichwani. Ni chakula, na chakula humpikiwa mtu kwa kadiri ya meno yake.

Lakini siku yake yafika. Mtoto yule akua, naye ana haki ya kujua alikotoka. Wale waliofanya kazi ya kuwafariji yatima waliligundua jambo hili mapema. Huko Uganda, katika miaka ya 1990, akina mama waliokuwa na virusi vya UKIMWI walianza kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao. Humo waliandika majina ya ukoo, mahali walipozaliwa, mambo waliyopenda, hata ugonjwa wao wenyewe. Hawakuandika kwamba walikuwa matajiri. Waliandika ukweli, kwa sababu walijua kwamba mtoto atakayebaki peke yake ahitaji ardhi ngumu ya kusimamia, na hadithi tamu isiyo kweli ni kama tope: yapendeza kwa macho wakati wa kiangazi, bali mvua ikinyesha mtu huzama.

Tena tuangalie mfano mkubwa kuliko huo. Mwinjili Mathayo alipoandika ukoo wa Bwana wetu, angeweza kuchagua majina ya wafalme na watu wa sifa tu. Hakufanya hivyo. Aliwataja Tamari, na Rahabu, na yule aliyekuwa mke wa Uria, ingawa kila msomaji wa Kiyahudi alijua habari zao zenye aibu. Ukoo ulio mtukufu kuliko zote duniani haukuogopa ukweli. Je, ukoo wetu wa kibanja kimoja uogope kusema kwamba babu aliazima gari?

Basi, tufanyeje? Ushauri wetu si kwamba picha ziondolewe ukutani. Zibaki, tena zisafishwe. Ushauri wetu ni kwamba zianze kuulizwa maswali, kwa upole, wangali hai wale wanaoweza kujibu.

Gari lenyewe laweza kusaidia. Wazee husahau miaka, lakini kiwanda hakisahau. Land Rover ya kwanza ilitolewa mwaka 1948. Kwa hiyo picha yenye Land Rover haiwezi kuwa ya kabla ya Vita Kuu ya Pili, hata kama shangazi anaapa. Katika Land Rover za miaka mingi ya mwanzo taa kubwa za mbele zilikaa karibu karibu katikati, penye wavu wa mbele, na karibu na mwisho wa miaka ya 1960 zikahamishiwa pembeni. Volkswagen ile yenye mgongo kama wa kobe ilikuwa na kioo cha nyuma kilichogawanyika vipande viwili mpaka mwanzo wa mwaka 1953. Kisha kikawa kimoja chenye umbo la yai. Na tangu mwaka 1957 kikawa kipana. Peugeot 404 haikuwapo kabla ya mwaka 1960. Basi, mtu akisema kwamba picha ni ya harusi ya mwaka 1955, na gari ni Peugeot 404, ama harusi ni nyingine, ama mwaka ni mwingine. Lakini tuwe waangalifu: gari latuambia picha haikupigwa kabla ya mwaka fulani, halituambii haikupigwa baada ya miaka mingi, kwa maana magari ya kwetu yaishi maisha marefu.

Baada ya kuliuliza gari, tuwaulize watu. Tumwulize bibi, tena tumwulize peke yake, jioni, wakati ndizi ziko jikoni, bila haraka. Tusianze na gari. Tuanze na nguo: nani aliishona kanzu hii? Siku ile ilikuwa siku gani? Nani alikuwapo ambaye haonekani? Swali hili la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote. Katika picha nyingi za kale babu amesimama kando ya gari, na bibi hayupo kabisa. Alikuwa wapi? Yamkini alikuwa jikoni akipika kwa ajili ya wageni waliokuja kupigwa picha. Na kahawa iliyoleta fedha ya kumlipa mpiga picha, nani aliichuma, nani aliianika uani, nani aliikimbilia mvua ilipotishia, nani aliibeba kichwani mpaka ghala la kununulia? Hakuna picha ya mwanamke kando ya jamvi la kahawa iliyotundikwa sebuleni, ijapokuwa pasipo jamvi lile pasingekuwa na picha yoyote. Tukiutafuta ukweli juu ya motokaa, twamkuta mama huyu njiani. Hiyo ndiyo faida ya ukweli: twaenda kutafuta jambo moja, nao watupa lililo kubwa zaidi.

Yaliyopatikana yaandikwe. Nyuma ya picha, kwa penseli laini na mkono mwepesi, au afadhali katika daftari, yaandikwe majina, mahali, mwaka kama wajulikana, na mwenye gari. Jambo lisilo na hakika liandikwe kuwa halina hakika. Mistari minne yatosha. Jamaa iliyoandika mistari minne ya kweli imewaachia wajukuu mali isiyogawanywa na mahakama.

Jambo hili lina haraka kuliko zamani, na sababu yake tutaitaja. Zamani picha ilikuwa na udhaifu wa kunyamaza tu. Siku hizi imepata udhaifu mwingine: yaweza kusemeshwa. Kwa simu ya mkononi na ile iitwayo akili unde, kijana aweza kuichukua picha ya babu iliyochakaa akaiondolea madoa, akaitia rangi, akamfanya babu atabasamu na kufumba macho. Kuisafisha picha si vibaya. Ni kama kupalilia kaburi. Lakini chombo hicho hicho, kikiagizwa, chaweza kumwekea babu kando yake gari zuri ambalo hakuliona maishani mwake. Hapa pana tofauti kubwa, nasi twaomba vijana waifikiri. Gari la kuazima lilikuwapo. Mzee alilishika kwa mkono wake, akasikia joto la boneti yake, na rafiki yake alimruhusu. Picha ile ni ya kweli hata kama maneno yetu juu yake si ya kweli. Twaweza kuyasahihisha maneno, na picha itabaki. Bali gari lililowekwa na mashine halikuwapo kamwe, hakuna rafiki aliyeliazimisha, na hakuna siku iliyokuwa siku yake. Hapo anayedanganya si maneno tena, bali shahidi mwenyewe ameharibiwa. Na kizazi kijacho kitakapozikuta picha hizo mbili pamoja, ile ya kweli na ile ya kubuniwa, kitazitilia shaka zote mbili. Anayetengeneza picha ya uongo kwa kumtukuza babu ameiua hata ile moja ya kweli aliyokuwa nayo.

Vijana watatuambia: “Nasi pia twasimama kando ya magari ya watu, harusini, tukapigwa picha. Je, mwatulaumu?” Hatuwalaumu. Simameni, vaeni vizuri, furahini. Ila mtakapoituma picha kwa marafiki wa mbali wasiomjua mwenye gari, msiwaache waamini lisilokuwapo. Babu alisimama mbele ya macho ya watu waliojua. Ninyi mwasimama mbele ya macho ya watu wasiojua. Hiyo ndiyo tofauti, na dhamiri ya kila mmoja itampa neno la kuandika chini ya picha yake.

Turudi kwenye swali letu. Tulidhani kwamba kumheshimu babu na kusema kweli ni mambo mawili yanayovutana. Tumeona kwamba sivyo. Anayemheshimu babu kwa sababu ya motokaa anaiheshimu motokaa, wala hamheshimu babu. Na siku atakapojua kwamba gari halikuwa lake, heshima yake itaondoka na gari. Bali anayejua kwamba gari lilikuwa la mwingine, kwamba kanzu ilinunuliwa kwa kahawa ya msimu mmoja, kwamba mtu huyu asiye na mali nyingi alisimama wima mbele ya kamera kwa sababu alitaka sisi, ambao hakutuona, tumjue, huyo atamheshimu hata akiwa peke yake mbele ya ukuta.

Amri ya Nne haituagizi kuwaheshimu wazazi walio matajiri. Yatuagiza kuwaheshimu baba na mama, basi. Kwa hiyo twawasihi wasomaji wetu, wa Bukoba na Muleba, na ninyi wa Moshi, Mbinga na Rungwe ambao nanyi mna kahawa yenu na picha zenu: Jumapili moja mwezi huu, baada ya chakula, ishusheni picha kutoka ukutani. Mpeni mikononi yule aliye mzee kuliko wote nyumbani. Muulizeni motokaa ilikuwa ya nani; kisha nyamazeni, mkamsikilize mpaka amalize.